Kifaa Kifaacho kwa Mchezo wa Kuongoza Chombo cha Angani



Muhula uliopita Chama chetu cha Sayansi kilipoteza shilingi 60,000, na mtunza hazina nilikuwa mimi. Fedha hizo zilikuwa za wanachama 22. Tulizipata kwa kuuza karanga na kwa kupalilia shamba la mahindi la mzee mmoja hapa Kang'ata, Jumamosi tatu mfululizo, katika jua la utosi. Nilikabidhiwa ninunue kifaa cha kuongozea chombo cha angani katika mchezo wa kompyuta, nami nikanunua kisichofaa. Maneno mengi yamesemwa mabwenini juu ya jambo hili, na wazazi waliokuwapo Siku ya Wazazi walirudi makwao bila kujua kwa nini chombo chetu kilizunguka kama pia mbele ya macho yao. Kwa hiyo nimemwomba mhariri nafasi nieleze habari za vifaa hivi: viko vya namna gani, hufanyaje kazi, na mtu achagueje kabla hajatoa fedha yake.

Kwanza niwaeleze wazazi mchezo wenyewe, maana wengine wakisikia habari za mchezo wa kompyuta hudhani ni ule wa kupigana risasi. Huu ni mchezo wa kuigiza urubani. Kompyuta hupiga hesabu za kweli za mvutano wa dunia, uzito wa chombo na nguvu za injini, kisha humwonyesha mchezaji yale ambayo rubani angeyaona dirishani. Programu tunayoitumia sisi inaitwa Orbiter. Iliandikwa na Martin Schweiger, mtaalamu wa University College London, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 2000, nayo ni ya bure. Tangu mwaka 2021 hata maandishi yake ya ndani yako wazi, kila mtu aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Haidai kompyuta mpya wala intaneti. Mwalimu wetu wa fizikia aliileta kwenye flashi, akaiweka katika kompyuta mbili kuukuu za shule. Iko nyingine mashuhuri, Kerbal Space Program, iliyotengenezwa Meksiko, ambayo toleo lake kamili lilitoka mwaka 2015. Hiyo huuzwa, basi sisi tumeisikia tu.

Kazi tuliyojiwekea chamani ni moja: kukifikisha chombo kwenye kituo cha kimataifa cha angani na kukiunganisha nacho mdomo kwa mdomo. Sharti kifike polepole kabisa, mwendo wa sentimita 10 hivi kwa sekunde, tena kimenyooka. Kikifika kwa pupa, au pua imekwenda upande, hakishiki.

Sasa chukua boksi la chaki, ulishike mbele ya macho yako, useme upande mmoja mwembamba ndio pua. Inua pua, kisha ishushe: hiyo ni njia ya kwanza ya mwendo. Geuza pua kushoto na kulia, kama mtu anayekataa kwa kichwa: hiyo ni ya pili. Laza boksi ubavu huu na ubavu huu bila kuondoa pua mahali pake, kama dereva wa bodaboda alalavyo penye kona: hiyo ni ya tatu. Hizo tatu ni za kugeuka. Baada ya hapo usiligeuze kabisa, bali lisogeze zima zima, mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Hizo tatu ni za kusogea. Jumla ni njia sita, na rubani wa chombo cha angani aweza kuzihitaji zote katika dakika moja. Baiskeli ina usukani na pedeli tu, na bado sote tuna makovu magotini.

Lakini wingi wa njia si shida kubwa. Shida kubwa ni ile kanuni ya kwanza ya Newton, ambayo tuliikariri Kidato cha Pili bila kuiogopa. Baiskeli ukiacha kukanyaga hupunguza mwendo mwishowe ikasimama, kwa kuwa iko barabara na uko upepo wa kuizuia. Angani hakuna cha kuzuia. Tuseme injini ndogo za chombo huongeza kasi ya kugeuka kwa nyuzi 2 kila sekunde. Ukibonyeza kwa sekunde 1, chombo huanza kugeuka nyuzi 2 kwa sekunde. Ukiondoa kidole, hakisimami. Baada ya sekunde 45 kitakuwa kimegeuka nyuzi 90, pua imeelekea ubavuni, nawe bado wajiuliza kumetokea nini. Ili kukisimamisha huna budi kubonyeza upande wa pili kwa sekunde 1 ile ile, si zaidi wala si pungufu. Kila kosa basi hulipwa mara mbili: mafuta ya kukosea na mafuta ya kusahihisha.

Kwa sababu hiyo nimefika kwenye maoni haya, ambayo nisingeyaafiki mwanzoni mwa mwaka. Katika mchezo huu kifaa hakipimwi kwa uzuri wake mkononi, wala kwa wingi wa vifungo. Hupimwa kwanza kwa jambo moja: ukikiachia, je, kimeachwa kweli? Kifaa kinachotoa amri hata baada ya mkono kuondoka hudhuru zaidi ya kisichotoa amri kabisa.

Jambo hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita juu ya pwani yetu. Mwaka 1960 serikali za Marekani na Uingereza zilipatana kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya angani huko Tunguu, Unguja, kwa ajili ya mpango ulioitwa Mercury. Si watu wote wa Unguja walioupenda. Wako walioandamana kuupinga, na kituo kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Lakini tarehe 20 Februari 1962 kilikuwa kazini. Siku hiyo John Glenn aliizunguka dunia mara 3 katika muda usiofika saa 5, na alipopita Afrika Mashariki katika mzunguko wa kwanza watu wa kituo cha Unguja walizungumza naye kwa redio.

Mwishoni mwa mzunguko huo chombo chake, Friendship 7, kilianza kupeperuka, pua ikienda upande yenyewe. Injini ndogo mojawapo ya kugeuzia ilikuwa haifanyi kazi sawasawa. Mtambo wa kujiongoza ulikirudisha, kikaenda tena, ukakirudisha tena, na kila mara mafuta yakaliwa. Ndipo Glenn aliposhika fimbo mwenyewe. Sehemu kubwa ya mizunguko miwili iliyobaki aliiongoza kwa mkono. Hata hivyo mafuta ya injini zile ndogo yalimwishia wakati wa kurudi, kabla hajafika baharini.

Fimbo ile ilikuwa moja, ya mkono wa kulia, nayo ilifanya kazi tatu. Ukiisukuma au kuivuta, pua hushuka au hupanda. Ukiilaza kando, chombo hulala ubavu. Ukiisokota, pua huenda kushoto au kulia. Fimbo moja ilitosha kwa kuwa vyombo vya Mercury viliweza kugeuka tu, havikuweza kusogea kando. Miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Mei 1962, Scott Carpenter aliruka katika chombo cha namna ile ile, Aurora 7. Yeye alitumia mafuta mengi mno, na mara nyingine mitambo miwili ya kuongozea ilikuwa imefunguliwa kwa pamoja bila yeye kutambua. Wakati wa kuwasha roketi za kurudia pua ilikuwa imekwenda upande kwa nyuzi 25 hivi, na roketi zikachelewa sekunde 3. Akatua zaidi ya kilomita 400 kupita mahali alipongojewa. Niliposoma habari hizi nilihesabu kuwa ni zaidi ya kutoka Handeni kufika Dodoma, nikafarijika kidogo juu ya shilingi zetu.

Vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini viliweza kugeuka na kusogea pia, ndiyo maana rubani alipewa fimbo mbili: mkono wa kulia kugeuza, mkono wa kushoto kusogeza. Kwa mpango huo Neil Armstrong alikipitisha chombo juu ya mawe makubwa tarehe 20 Julai 1969 akakitua mahali pa tambarare. Wala isidhaniwe kuwa fimbo ni lazima. Chombo cha Dragon cha kampuni ya SpaceX, kilichobeba watu mara ya kwanza mwezi Mei 2020, hakina fimbo. Rubani hugusa vitufe vilivyochorwa kwenye kioo, kila mguso kishindo kimoja kidogo cha injini. Mwaka huo huo kampuni hiyo ilitoa bure kwenye intaneti mchezo wa kujifunza kuunganisha chombo hicho na kituo, na mwenye haraka hushindwa katika mchezo ule kila mara.

Basi turudi kwenye vifaa vinavyonunuliwa na watu kama sisi. Viko vya namna tatu: kibodi, padi na fimbo.

Kibodi kila kompyuta inayo. Katika Orbiter vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia ndivyo usukani: 2 na 8 ni vya kuinua na kushusha pua, 1 na 3 vya kuigeuza kushoto na kulia, 4 na 6 vya kulaza ubavu. Kitufe cha mkwaju juu ya tarakimu hubadilisha kazi, vile vile vya kugeuza vikawa vya kusogeza. Kitufe cha 5 husimamisha mzunguko wote, nasi chamani tumekiita "Mlezi". Ubaya wa kibodi ni kwamba kitufe hakijui kidogo wala kikubwa. Ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa. Dawa yake ni kushika kitufe cha Ctrl pamoja na tarakimu, injini hutoa sehemu ya kumi tu ya nguvu zake, halafu kugusagusa. Uzuri wake ni ule ule wa kutojua kidogo: ukiachia, ni sifuri kamili. Yako mambo mawili ya kuangalia. Kompyuta ndogo za kukunja mara nyingi hazina vitufe hivyo vya tarakimu, lakini vinauzwa peke yake vikiwa na waya wa USB, wala si ghali. Na kibodi nyingine za rahisi ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja husikia viwili tu.

Padi ni ile ya kushikwa kwa mikono miwili, kama zile za mabanda ya PlayStation ambayo wazazi wanatukataza likizoni. Ina vijiti viwili vifupi vya vidole gumba, na vitufe vya mbele vya vidole vya shahada. Kila kijiti huenda njia mbili, basi viwili ni njia nne, na vitufe vya mbele huongeza nyingine. Hivyo njia zote sita zaweza kupatikana bila kuondoa mkono. Kijiti hujua kidogo na kikubwa. Lakini safari yake ni fupi sana, kutoka katikati hadi mwisho haifiki hata sentimita 2, basi kidole kikitetemeka kidogo amri hubadilika sana.

Fimbo, ambayo wengine huiita joistiki, ndiyo inayofanana na ya ndege. Safari yake ni ndefu, hivyo mkono hupima vizuri zaidi. Nyingi zaweza kusokotwa kama ile ya Glenn, na nyingi zina mkono mdogo wa pembeni wa kuongeza na kupunguza nguvu za injini kubwa. Kwa kurudi katika hewa ya dunia na kutua uwanjani, sijaona kifaa kinachoipita. Hewa hukifanya chombo kiwe kama ndege, mkono hushikilia fimbo muda wote, na kosa dogo hupotea lenyewe. Ni katika ule utupu wa juu, karibu na kituo, ambako fimbo hudai heshima.

Sharti nieleze kilicho ndani yake, maana hapo ndipo nilipoangukia. Chini ya fimbo za bei ndogo kuna vipande viwili au vitatu ambavyo ni ndugu wa ile riostati tunayoitumia maabara. Ulimi wa chuma huteleza juu ya utepe wa kaboni, na mahali uliposimama ndipo kompyuta inapojua fimbo imelala kiasi gani. Ulimi huo hukwaruza. Baada ya muda utepe hulika, hasa katikati, mahali unapopita mara nyingi zaidi; na vumbi likiingia, kama hili vumbi letu jekundu ambalo hata darini limo, mambo huharibika mapema. Ndipo fimbo inaposimama wima kabisa huku ikiiambia kompyuta kwamba imelala. Ziko nyingine zisizokwaruza. Ndani yake mna sumaku na kipande kidogo kinachopima nguvu ya sumaku hiyo, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Hakuna kinachogusana, basi hakuna kinacholika. Hizo hugharimu zaidi, ingawa siku hizi hata baadhi ya padi zimeanza kutengenezwa hivyo.

Mimi sikuyajua hayo. Nilipewa ruhusa ya siku moja, nikapanda gari la Handeni, kisha la Korogwe, nikaingia duka moja la vifaa vilivyokwisha tumika. Niliona fimbo nyeusi yenye kifyatulio chekundu na vifungo 12. Mwenye duka alitaka shilingi 70,000, tukapatana 60,000. Sikuomba kuijaribu, na sitamlaumu mtu kwa jambo ambalo sikumwuliza. Njiani nikirudi niliipakata kama mtoto.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, nami nalisema kwa kuwa wanachama wamenisamehe fedha lakini hili hawajalizungumza. Rubani wetu hodari kuliko wote ni msichana mmoja wa Kidato cha Pili. Kwa kibodi alikuwa amekwisha kuunganisha chombo na kituo mara nyingi, tena akibakiza mafuta. Yeye ni wa mkono wa kushoto. Fimbo ile, kama zilivyo nyingi, imefinyangwa kwa kiganja cha kulia. Kuna bonde la kidole gumba na tako la kuegemeza mkono, na mtu wa kushoto akiishika ni kama avaaye kiatu cha mguu mwingine. Nilipoona hawezi, sikusema kuwa nimenunua vibaya. Nilisema kuwa Siku ya Wazazi nitaongoza mimi.

Siku ikafika. Chumba kilijaa, wengine walisimama madirishani. Mwalimu alieleza, nami nikakaa kitini. Chombo kilikuwa mita 100 mbele ya kituo, kimenyooka. Niligusa fimbo kidogo nikaiachia, na pua ikaanza kwenda kulia. Nikairudisha kushoto, ikatii, nikaachia, ikaenda kulia tena. Fimbo ilikuwa imesimama wima nami naiona, lakini kompyuta ilikuwa inaambiwa "kulia, kulia". Mkono ukaanza kutoa jasho, nikawa navuta kwa nguvu, chombo kikalala ubavu na kuzunguka. Nilikuwa Glenn bila ujuzi wake. Yule mwenzetu wa Kidato cha Pili, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alinyosha mkono akachomoa waya wa fimbo, akabonyeza Mlezi, chombo kikatulia. Kisha akaniambia, "Samahani kaka, naomba kiti."

Alikiongoza kwa kibodi vizuri mno, watu kimya. Mita 30, mita 20, mita 12. Hapo mafuta ya injini ndogo yakaisha, maana karibu yote nilikuwa nimeyamwaga mimi. Chombo hakikuwa kimenyooka bado. Kikapita kando ya kituo polepole kabisa, sote tukikitazama kikienda zake. Mzazi mmoja aliuliza kwa heshima, "Sasa kinarudi saa ngapi?" Wengine wakapiga makofi, nadhani waliona ndivyo ilivyopangwa.

Likizoni nilimweleza baba yangu mdogo mambo haya. Yeye huendesha ekskaveta katika machimbo ya dhahabu. Sikutegemea kuwa atanisaidia, nilitaka tu kusema. Lakini mtambo ule nao huongozwa kwa fimbo mbili, moja kila mkono. Ya kushoto huuzungusha mtambo mzima juu ya minyororo yake, na kuukunja na kuukunjua ule mkono wa mbele. Ya kulia huinua na kushusha boriti kubwa, na kuifunga na kuifungua ndoo. Ni njia nne kwa fimbo mbili, naye hufanya zote pamoja huku akizungumza nawe.

Baada ya kumwamkia na kumaliza hadithi yangu, alicheka kwanza. Kisha aliniuliza, "Kabla ya kuinunua, uliiachia?"

Sikumwelewa. Akasema, "Mwanangu, mimi asubuhi nikipanda mtambo, kabla sijachimba hata ndoo moja, nagusa fimbo naiachia. Mtambo ukitulia, nafanya kazi. Usipotulia, namwita fundi, hata bosi akifoka. Chini kuna watu."

Alinieleza na jambo jingine ambalo halimo katika matangazo ya wauzaji. Mitambo haifanani, iko ambayo kazi za mikono zimebadilishana, ile ya boriti ikawa kushoto na ile ya mkono wa mbele ikawa kulia. Fundi aliyezoea mtambo wa namna moja akipewa wa namna nyingine, kwa siku kadhaa huwa hatari kuliko mwanagenzi, kwa sababu mkono wake hutenda kabla ya akili. Nami nikakumbuka kuwa nilimbadilishia rubani wetu kifaa wiki moja tu kabla ya maonyesho.

Tuliporudi shuleni mwalimu alitufundisha namna ya kuijaribu fimbo au padi kwa dakika moja, na ningependa kila msomaji aijue. Karibu kompyuta zote za Windows zina kidirisha cha kazi hiyo. Fungua mahali pa kuandika amri, andika joy.cpl, kisha chagua kifaa chako na utazame sifa zake. Utaona mraba wenye msalaba mdogo ndani. Sogeza fimbo hadi mwisho wa kila upande, uiachie ghafla. Msalaba urudi katikati na ukae. Ukirudi kando, au ukitetemeka wenyewe kama kuku aliyelowa, rudisha kifaa kwa mwenyewe. Fanya hivyo mara kumi, si mara moja. Yangu ilipojaribiwa msalaba ulikaa kulia kwa umbali ambao hata mtu aliyesimama mlangoni angeuona. Muuza duka mwenye kompyuta hawezi kukunyima dakika hiyo. Akikunyima, umekwisha kupata jibu.

Iko dawa ya nusu. Katika Orbiter, kabla ya kuanza safari, kuna ukurasa wa fimbo ambamo waweza kupanua pengo la katikati, yaani eneo ambalo kompyuta itahesabu kuwa ni sifuri. Tulilipanua mpaka fimbo yetu ikanyamaza. Lakini pengo lilipokuwa kubwa hivyo, zile amri ndogo ndogo tulizoinunulia fimbo zikapotea zote. Ikawa haisikii lolote mpaka uilaze sana, halafu husikia kwa ghafla. Kwa kutua na ndege inatosha. Kwa kuunganisha vyombo haifai.

Sasa, mtu anunue nini? Asiye na fedha asijione mnyonge: kibodi yenye tarakimu, pamoja na kitufe cha Ctrl na subira, hufikisha chombo kituoni. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, na vitufe vya Dragon ni ushahidi. Mwenye fedha kidogo anunue padi yenye waya. Nasema yenye waya kwa kuwa isiyo na waya hudai betri au kuchajiwa, na bwenini soketi ni za kugombaniwa. Padi haibagui mkono wa kulia na wa kushoto, na hiyo katika shule yenye wanachama wengi na kifaa kimoja ni sifa kubwa. Mwenye fedha nyingi, tena anayependa kutua, achukue fimbo ya sumaku, aangalie kama imefinyangwa kwa mkono mmoja au kwa yoyote. Na tajiri anunue mbili, kama Apollo. Sisi tutakwenda kumtazama.

Chama kiliuza karanga tena. Safari hii tulikwenda watu wawili, mimi na yule rubani, tukiwa na barua ya mwalimu. Tulipata padi mpya ya waya kwa shilingi 20,000 baada ya kuukataa msalaba wa padi mbili za mwanzo. Ile fimbo mwalimu ameifungua, sasa iko maabara pamoja na riostati, na Kidato cha Tatu wameonyeshwa utepe wake ulivyolika katikati.

Mimi nina mtihani wa taifa mwezi Novemba, kwa hiyo nimekwisha kukabidhi daftari la hazina. Ufunguo wa kabati anao msichana yule wa Kidato cha Pili. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa alasiri, umeme ukiwapo, na wageni wanakaribishwa.